Nakshi ya Kaburini

Jirani yetu wa mji wa Sur, fundi mwanamke wa vidani, hufanya kazi ameubana waya wa fedha midomoni, ndiyo maana wageni humdhania mkali. Vidole vyake vimejaa makovu ya moto, na kila akimaliza kipande hukipitisha shavuni, kuona kama kinakwaruza. Mwaka ule Wakorea walipojaa kiwanda cha gesi, mke wa mmoja wao alimpa kalenda yenye picha za mataji ya kale ya kwao, yamening'inizwa mawe ya kijani yaliyopinda kama korosho. Tangu hapo hakuchora kitu kingine. Kidani cha harusi ya Raghad, binti wa mtaani kwetu, nacho akakitia korosho zile.

Asubuhi ya harusi, mama yake Raghad aliingia karakanani na bintiye, kidani mkononi.

"Nimeambiwa nakshi hii imetoka kaburini. Kweli?"

Nilimtazama fundi, nikiomba moyoni akane. Akautoa waya mdomoni.

"Kweli, bi mkubwa. Mfalme wa Wakorea alizikwa na taji lenye mawe kama haya. Kidani nimekifanya mimi. Sura yake ilinipendeza."

"Astaghfirullah! Na mwanangu anaolewa leo!"

Raghad akakichukua kidani, akampa fundi, akainama mbele yake.

"Nivishe, dada."

Fundi alizishika ncha mbili, lakini kulabu ikakataa kuingia. Mama alimwangalia anavyohangaika, kisha akazipokea zile ncha, akamfungia mwanawe kidani yeye mwenyewe.