Samaki wa Mama Furaha wamekula likizo yangu

Miaka sita hapa Marekani, Louisville, likizo yangu ya kwanza, na nimeitumia kubeba samaki wa watu.

Kosa langu ni kuaga kanisani kwamba naenda pwani siku nne, kujifunza kusimama kwenye ubao juu ya mawimbi.

Mama Furaha akanibebesha kilo saba za samaki wakavu. "Mwanangu, shemeji yangu anakaa huko huko."

Bon, haya. Leo nimetembea maili nne kwenye mvua hadi kwa shemeji. Somo langu la saa nane limenipita.

Nyumba tupu. Nampigia.

"Aa, mdogo wangu, nilihamia Buffalo! Kwani Mama Furaha hakukwambia? Sasa utanifikishia lini?"

Mama Furaha, najua unasoma hapa. Samaki nimewapika hosteli ninakolala. Tumekula tukiwa watu tisa.

Anayeniona mkosaji aandike, nipo.