Siti ya Mbele ya Chiriku

Ukimpelekea Fundi Spoki gurudumu lililopinda kama mdomo wa mtu aliyenuna, atalizungusha mara moja tu, atege sikio, kisha akuonyeshe kwa kidole njiti iliyolegea. Miaka ishirini ya kutengeneza baiskeli ilimpa sikio hilo. Aliyemshinda kumsikiliza alikuwa binti yake mwenyewe.

Binti huyo wa miaka sita aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ila tangu siku ile mguu wake uliponaswa kwenye njiti akiwa amepakiwa nyuma, akiona baiskeli aligeuka bubu. Nayo shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, kilomita nne kutoka nyumbani, kwenye barabara isiyopitiwa na basi. Mama yake, fundi cherehani kiwandani, aliingia kazini alfajiri.

Shangazi mtu, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na lango la shule, alishakata shauri.

"Mtoto atakaa kwangu, mtamwona mwisho wa wiki. Kitanda nimeshatandika. Hafi mtu!"

Fundi alicheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Nyumba bila Chiriku siku tano? Akapiga moyo konde. Alichukua baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunganisha kuwa moja ndefu yenye siti mbili na pedali za watu wawili: baba mbele, mtoto nyuma.

"Spoki, hiyo baiskeli au ngazi?" jirani yake muuza magazeti alimtania.

"Subiri Alhamisi utaona vumbi."

Alhamisi ilifika. Baada ya kubembelezwa sana, Chiriku alikubali kupanda. Baba akakanyaga. Minyororo ilikuwa imefungwa pamoja, kwa hiyo pedali za nyuma nazo zikazunguka, zikaivuta miguu ya mtoto isiyofika vizuri chini, zikamgonga kwenye muundi.

"Baba, simama! Inanivuta!"

Alishuka analia, akaupangusa mguu wake, akasema maneno yaliyomkata baba yake maini: "Mimi nitaenda kwa shangazi."

Jioni ile mama aliporudi kutoka kiwandani alikuta mume wake ameketi juu ya boksi la vifaa, ameshika tama. Akaizunguka ile baiskeli, akaitazama kama anavyotazama gauni lililoshonwa na mwanagenzi.

"Baba Chiriku, ulimpima mtoto?"

"Nilipima fremu."

"Kwani mteja wako ni fremu?"

Mama akatoa utepe wa kupimia shingoni mwake, akampima Chiriku kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akapima na mikono, akaandika tarakimu kwa chaki ukutani mwa karakana. Kisha akamwinamia.

"Haya bibie, wewe mwenyewe unaitaka vipi?"

Chiriku alifikiri. "Nataka kuona njia. Kule nyuma naona mgongo wa baba tu. Na una jasho!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka, alikuwa ameshashika msumeno.

Ijumaa na Jumamosi hakupokea kazi ya mtu. Siti ya mtoto ikahamia mbele, chini kidogo. Mikono ya pedali zake ikafupishwa kwa kipimo cha ukutani, nazo zikatengenezwa ziweze kutulia hata kama baba anakanyaga. Njiti na mnyororo vikafunikwa kwa bati. Fimbo ya chuma ikapitishwa ubavuni ili baba, akiwa nyuma, aongoze gurudumu la mbele. Usukani wa mtoto ulikuwa wa kushikilia na kupiga kengele tu.

Jumapili mchana walikwenda kwenye uwanja wa mpira. Mama alisimama ubavuni, ameshikilia siti.

"Baba, usikanyage mpaka niseme."

"Sawa, dereva."

Fundi alihesabu pumzi zake. Chiriku aliijaribu pedali kwa ncha ya kiatu, ikatii. Akaiacha; ikatulia.

"Haya, twende."

Mzunguko wa kwanza walikwenda bila neno. Wa pili ulimi ukafunguka. "Baba, shimo! Baba, kuna kuku! Baba, mbona unahema hivyo?" Na fundi alihisi kwenye pedali zake nguvu ndogo, ndogo mno, inamsaidia.

Jumatatu asubuhi shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake kuwasubiri.

"Begi la nguo liko wapi?"

"Kitandani mlaze paka, shangazi!" Chiriku alijibu, akapiga kengele.

Shangazi alikunja sura, akaikagua baiskeli mbele na nyuma. "Breki zinashika?"

"Zishike mwenyewe, dada."

Akazishika zote mbili kwa nguvu, asione kasoro. Akamrekebishia mtoto kola ya sare.

Langoni mwa shule Chiriku alishuka. "Saa sita uje. Na usimpakie mtu kwenye siti yangu."

Njiani kurudi, muuza magazeti alimpungia mkono. "Spoki, nisogeze hapo mbele!"

"Pole, ndugu yangu," fundi alisema bila kupunguza mwendo. "Hii ina mwenyewe."