Fundi Aliyetibu Majani

Kwa miaka thelathini fundi redio alikuwa na adui mmoja tu: mkwaruzo. Redio ikiletwa inakoroma, aliipasua tumbo, akaisugua vumbi, akachomea waya uliolegea, na haikutoka kibandani mpaka sauti inyooke. Uzuri aliojua yeye ulikuwa huo.

Siku hizi redio ikifa inatupwa. Kibanda chake kilijaa maiti za redio na televisheni zisizo na wenyewe. Mkewe, aliyekuwa akipokea wateja kwa kuwa mumewe ana haya, alishatangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee yuko mbali. Hupiga simu, husema "haya baba, tutaongea," na simu hukatika.

Ndipo akaja msanii, msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, akaomba makasha ya televisheni mbovu. Fundi akampa kumi na mawili. Msanii akayajaza udongo, akapanda mimea, akabana majani kwa vibanio vyenye nyaya ziendazo kwenye spika za redio zilezile zilizokufa. Makasha yakapangwa kwenye ukumbi wa maonyesho, na fundi akapewa kazi ya kuyatunza.

"Mwagilia kila asubuhi, fundi. Mengine yaache yalivyo."

Kila asubuhi alimwagilia peke yake, na baada ya muda spika zikaanza: chrr, chrr. Akazoea kuzisalimu.

"Siku hao wakikujibu, mimi naacha kazi," mfagiaji wa ukumbi alimtania, akiegemea ufagio.

"Wananijibu, mama. Ni wewe tu hawajakuzoea."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kutwa.

Siku ya ufunguzi ilipokaribia, aibu ikamshika. Wageni waje wasikie mikwaruzo, si watauliza ni fundi gani huyu? Akashinda ukumbini siku nzima. Akachomea kila kibanio palepale kilipobana jani, akaongeza na vifaa vya kumeza mkoromo, kama alivyofanya maisha yake yote. Akarudi nyumbani moyo mweupe.

Kesho yake asubuhi msanii aliingia, akasimama katikati ya ukumbi.

"Fundi, mbona kimya?"

"Nimezitibu spika, mwanangu. Zilikuwa zinakwaruza."

Msanii akakaa sakafuni, mkoba mgongoni bado.

"Ule mkwaruzo ndio majani yenyewe, fundi. Yanapovuta maji, ndivyo yanavyosema. Nilitaka watu wasikie kwamba ndani ya takataka zetu kuna kitu kinaishi."

Fundi alitazama viatu vyake. "Mimi shule yangu ndogo."

"Si shule. Kosa ni langu, sikukueleza."

Msimamizi wa ukumbi akawapa mpaka saa sita mchana. Yasiposema, nafasi apewe mwingine. Fundi, ambaye hakuwahi kuharibu kitu kwa makusudi, akaanza kuharibu kazi yake mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Nyaya zilikubali kurudi zilivyokuwa. Majani hayakukubali: moto wa kuchomelea ulikuwa umeyababua, na mengine yalikatikia vidoleni mwake. Akamwagilia, akangoja. Saa sita ilipogonga, kasha moja tu, la pembeni kabisa, ambalo jana hakulifikia vizuri, lilisema chrr.

"Moja si maonyesho," msimamizi akasema, si kwa ubaya.

Wakayashusha. Mfagiaji alisaidia kubeba, na siku hiyo hakutania. Msanii alipofunga mkoba wake, akalisukuma lile kasha moja kwa mguu mpaka karibu na fundi.

"Hili kaa nalo wewe. Ila usilitibu."

Fundi akalibeba pamoja na spika yake hadi chumbani kwake, akaliweka mezani, upande aliokuwa akikaa mkewe. Asubuhi akalimwagilia. Kimya. Akapika chai, akanywa nusu kikombe akilitazama, akiogopa hata kuburuta kiti. Chai ilikuwa imeshapoa jani lilipokwaruza, mara moja, polepole.

"Naam," akasema fundi, na kunyamaza ili lisikatizwe.