Jumamosi za Masanja

Nikimshtaki Masanja kwa mkuu wa chuo, atafukuzwa. Nikinyamaza naye akatoroka, nitafukuzwa mimi. Wiki nzima sikulala. Nilikuwa nimehitimu juzi tu, nikapewa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa pili niwalee, na huyu alitoweka kila Jumamosi asubuhi, akarudi jioni. Nikajiaminisha kuwa anatafuta dhahabu Geita, kana kwamba Geita mtu huenda na kurudi jioni. Nikaagiza mzazi wake aje.

Kutoka kijijini kwao, Didia, akaja mwanamke, mtoto mgongoni.

“Dada, mwonye mdogo wako,” nikasema. “Bado ana utoto.”

“Huyo ni mume wangu, mwalimu. Tuna watoto wanne. Jumamosi huja kupalilia pamba. Wewe unao wangapi?”

Kwa mkuu sikwenda. Niliingia darasani, nikamwamkia Masanja shikamoo mbele ya wenzake.