Ndege Iliyoanguka Kwenye Kilima cha Masamva

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu nje ya mji wa Geita, hakuna aliyepanda kilima kikiwa kimefunikwa na ukungu. Bibi, mama yake baba, alituambia kwamba wakati huo masamva, wahenga wetu, wamekaa kikao, na anayewaingilia harudi. Tulikuwa Wakatoliki wa kila Jumapili, lakini hilo hatukulibishia.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua tulikuwa shambani tukipalilia. Tukasikia ndege ndogo ikinguruma ndani ya ukungu, chini mno. Kisha kishindo. Kisha kimya.

Watu wakajaa chini ya kilima, wakiwemo wachimbaji wa dhahabu wenye nguvu zao. Hakuna aliyepanda. Karibu saa nzima ikapita tukitazama juu. Ndipo bibi akafika na fimbo yake.

"Mnangoja nini?"

"Mama, si wewe uliyetukataza?" baba akasema.

Bibi aliomba kibuyu cha maji. "Niliwakataza kutembea. Sikusema mtu aachwe afe."

Alimwaga maji chini, akawaomba masamva njia kwa Kisukuma. Kisha akatangulia, akigongagonga ardhi kwa fimbo. "Kanyageni nilipokanyaga!" Baba na wachimbaji wanne wakamfuata.

Walirudi mchana wamembeba rubani, mguu umevunjika. "Sikukiona kilima," alirudia. "Sikukiona kabisa." Abiria wake mmoja alikuwa amekufa walipofika. Baba alisema mwili ulikuwa bado una joto.

Baadaye ndipo baba aliponieleza kuwa kilima kile kina mashimo ya zamani ya dhahabu, yaliyofunikwa na nyasi, na kwamba bibi aliponda mawe ya dhahabu huko akiwa msichana. Namwelewa. Angetutajia mashimo, tungekwenda kuyachungulia. Wahenga tuliwaogopa, tukakua salama. Simwiti mwongo, aliomba kama mtu anayejua anaongea na nani. Lakini hofu hiyohiyo iliyotulinda sisi ilimchelewesha yule abiria, na sijui kama angepona.

Bibi hakuwahi kumtaja. Ila wadogo zangu, walipofika umri wangu wa siku ile, aliwapandisha kilimani mwenyewe, jua likiwaka, akawaonyesha shimo moja moja na njia ya kupita katikati. Walipomuuliza ya nini, aliwajibu, "Kuna siku mtu atawahitaji." Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa toba yake.