Cheni iliyonigomea mbele ya jeneza

Leo jeneza la mwalimu wangu limesubiri njiani kwa sababu yangu.

Tulikuwa tunamzika Mzee Kasiani, aliyenifundisha kazi ya chenso, msumeno wa mashine, hapa Michenga.

Mvua ilikuwa imeangusha mti kwenye njia ya makaburini. Nikaitwa niukate kabla watu hawajafika.

Katikati ya kazi cheni ikapata moto, ikalegea. Nikaikaza hapohapo, bado ya moto. Nilikuwa na haraka, jamani.

Mara jeneza likatokea. Huku kwetu mashine hailii mbele ya marehemu, nikazima. Katekista akaanza sala, na leo alikuwa na maneno mengi.

Aliposema amina, nikawasha. Mashine ikanguruma, cheni haikuzunguka. Ilikuwa imepoa, ikasinyaa, ikabana kama imechomelewa.

Nikaanza kutafuta kwenye majani spana ya kuilegezea. Waliobeba jeneza wakapokezana mara mbili. Mwishowe wajomba wa familia yake wakachukua mashoka, wakamalizia.

Baada ya maziko nikamfuata mjane wake.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba mwanangu," akasema taratibu. "Mwalimu wako alikuwa akirudi kutoka kazini ananiambia, yule kijana anajua kazi, ila hasubiri cheni ipoe."

Nikarudi njiani, nikaokota mashine yangu.

Spana bado sijaiona.