Gaudens Aliyetaka Nibipu Friji

Watu wa Kilindoni wakitaka kunicheka huniuliza kama friji limepokea simu leo. Nawaacha wacheke. Mimi Kijakazi, muuza vitumbua mkabala na chumba cha baridi cha Bi Fatema, kazi ya kulipigia friji nilibebeshwa na Gaudens, na Gaudens ukimkatalia jambo hubaki amesimama palepale anakutazama mpaka vitumbua vinaungua.

Gaudens ni fundi wa mitambo pale kwa Bi Fatema. Katoka bara, mrefu, mpole, ana wasiwasi kama mama wa mtoto wa kwanza. Akifunga mlango hurudi kuusukuma. Akija kununua vitumbua huniuliza kama moto nimeuzima, na mimi bado napika.

Mwaka huu Bi Fatema alinunua kidude kutoka Dar, kikafungwa ukutani mle chumbani wanamogandishwa samaki. Kina laini yake ya simu, na joto likipanda humtumia ujumbe chenyewe. Bi Fatema akasema sasa Gaudens atalala usingizi. Gaudens akasema ndiyo kwanza hatalala. Wakabishana barazani, mimi nasikiliza kwa raha zangu. Bi Fatema anasema kidude kimetengenezwa kujisemea, sasa kama nacho kinataka msimamizi tumekinunua cha nini? Gaudens anasema kitasema kila kitu isipokuwa kwamba chenyewe kimekufa.

"Mtu akizimia, Bi Fatema, hakupigii simu kukwambia amezimia."

Ndipo akavuka barabara, akaniamkia kwa adabu zote, nikajua huyu ana shida. Alitaka kila nikisikia adhana nikibipu kile kidude. Kikiita, nikate, niendelee na mambo yangu. Kisipopatikana, niende nikaseme. Yeye Mkristo, lakini aliona adhana ndiyo saa nisiyoweza kuisahau. Nikamwambia nimezeeka, ndiyo, ila sijafika pa kubipu friji. Akacheka na asiondoke. Basi nikabipu.

Ikaja siku ya kufungua mwamba kule Bwejuu, ambako ndiko kwetu. Ndugu zangu wanawake walikuwa wameufunga mwamba ule miezi mitatu, hakuna kugusa pweza, wanavumilia mihogo mitupu ili pweza wakue. Walipoufungua walivua mpaka wakakosa pa kuweka, na pweza wote wakaletwa kwa Bi Fatema kungoja boti ya Dar. Pweza wale wakioza, dhiki yote ile imekuwa bure.

Kesho yake, adhana ya alasiri, nikabipu. Yule dada wa kwenye simu akaniambia namba haipatikani. Nikarudia, akaniambia vilevile. Nikaipua karai, nikavuka.

Bi Fatema akanionyesha simu yake. Hakuna ujumbe, maana yake kuko shwari, na mtandao wa huku si naujua mwenyewe? Karibu nirudi kwenye karai langu. Lakini nikamfikiria dada yangu na wenzake, nikampigia Gaudens, ambaye alikuwa Ndagoni anatengeneza pampu ya maji. Hakuniuliza hata habari. Akasema tufungue mlango, sasa hivi.

Tukafungua. Giza, kimya, mtambo haungurumi. Swichi kubwa ilikuwa imeanguka. Na kile kidude, waliokifunga walikichomeka kwenye waya uleule wa mtambo, na betri yake ya akiba ilikuwa imevimba, haina uhai. Ndiyo mlinzi wetu huyo, kalala pamoja na mali. Bi Fatema akatia mikono kwenye kreti ya kwanza huku midomo inasoma dua. Pweza walikuwa wagumu kama mawe, barafu haijaanza hata kutoa jasho. Akapandisha swichi, mtambo ukanguruma, na sisi wawili tukakaa sakafuni tunacheka huku tunalia. Wallahi sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Gaudens alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Hakusema si niliwaambia. Alitia sikio ukutani, akafumba macho, machozi yakamtoka. Bi Fatema akamwambia haya, umeshinda, Bi Kijakazi aendelee kubipu. Ila akauliza: na Bi Kijakazi naye asipobipu, nani atatuambia? Gaudens akasema hilo analo.

Nilidhani ni maneno tu. Boti ikaja, pweza wakaondoka salama, na uchovu wa siku zile ukaniangusha, nikapitiwa na usingizi hata alfajiri sikuisikia. Tangu mume wangu afariki naishi peke yangu, hakuna wa kuniamsha. Nikashtushwa na mlango, unagongwa utadhani unavunjwa. Nikatoka na khanga yangu, hasira zimenipanda. Gaudens na Bi Fatema, wote wanahema, Bi Fatema hana hata viatu.

Nikauliza friji limekufa tena?

"Friji ni zima," Gaudens akasema. "Nimekiangalia kidude, alfajiri hakikupigiwa. Wewe ndiye hukubipu. Tumekuja kukuangalia wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikawapisha mlangoni, wakaingia.